Nusu Eka

Nimelipwa kwa miaka mingi kusema mambo nisiyoyaamini, tena kwa sauti nzuri. Mimi ni mkalimani. Arusha ni mji wa mikutano, na mikutano haiendi bila watu kama sisi, tunaokaa ndani ya kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, visikilizio masikioni, tukigeuza Kiingereza cha wageni kuwa Kiswahili cha wajumbe. Mgeni akitania, nacheka. Akikasirika, nakasirika kwa niaba yake. Akidanganya, nadanganya vizuri kuliko yeye. Kwa kazi hiyo nimepanga vyumba viwili Sakina, nyuma ya gereji, na nimemsomesha binti yangu mpaka chuo, kwa hiyo siilaani. Lakini upo mkutano mmoja ambao nikiukumbuka natamani siku zile ningekuwa kitandani naumwa malaria.

Ulihusu ruzuku za kilimo. Siku tatu nzima watu wa nchi mbalimbali walipanda jukwaani kueleza jinsi serikali zao zinavyomsaidia mkulima, na mmoja baada ya mwingine walipita kinywani mwangu. Alianza bwana mmoja wa Ulaya. Alisema zamani kwao serikali ilinunua mazao kwa bei ya juu mpaka maghala yakafurika siagi na nafaka isiyo na mlaji. Wakabadili, wakaanza kumlipa mkulima kwa ukubwa wa shamba lake, alime sana au alime kidogo. Sasa wanabadili tena, wanataka alipwe kwa kuacha sehemu ya shamba ikaota maua, nyuki wapate chakula. Akafuata mama mmoja wa Asia, akaeleza umeme wa bure wa pampu za kumwagilia, jinsi wakulima walivyovuta maji mpaka visima vikaanza kukauka, na jinsi kila serikali inavyoogopa kuuondoa umeme ule kwa sababu ya kura. Mjumbe wa nchi moja ya kusini mwa Afrika alieleza vocha za mbolea: mwanzoni mahindi yalijaa hadi chini ya vitanda, baadaye vocha zikauzwa sokoni pamoja na nyanya, na bajeti yote ya kilimo ikaishia kwenye mbolea, isibaki ya barabara wala ya maafisa ugani. Kijana mmoja nadhifu kutoka nchi ya mbali iliyofuta ruzuku zote alisema wakulima wake walilia miaka michache, kisha wakazoea. Hakusema wale waliouza mashamba walizoea wapi.

Siku ya mwisho mtu mmoja akajumlisha yote. Kila mahali, alisema, serikali zinaacha kumgawia kila mtu, zinataka kumtambua mkulima mmoja mmoja: ni nani, analima wapi, ana eka ngapi. Wengine wanahakiki kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Hata sisi Tanzania tumefika huko, mkulima anaandikishwa kijijini, anapewa namba, na mbolea ya bei nafuu anaipata kulingana na eka alizotaja. "Msaada hufuata ukubwa wa shamba ulioandikishwa," nikasema kwenye kinasa sauti, taratibu, kila neno mahali pake. Nikanywa maji. Nikamwachia mwenzangu zamu.

Jumamosi yake nikapanda nyumbani, mlimani.

Kwetu ni upande wa Meru ambako nyumba zimefichwa na migomba. Juu, kuizunguka nyumba, ni kihamba: kahawa, migomba, kaburi la mama. Chini, mwendo wa saa nzima kwa miguu kuelekea tambarare, ndiko lilipo shamba la mahindi, eka tatu za udongo mwekundu zilizochoka. Baba alikuwa anakaribia miaka themanini. Alikuwa bado ana meno yake yote na ubishi wake wote, na alikuwa na kanuni moja ya maisha ambayo alitufundisha kabla hatujajua kusoma: serikali ikikuuliza una nini, jibu nusu.

Hakuitoa hewani. Alipokuwa mtoto wa miaka sita, familia yake ilikuwa inaishi upande mwingine wa mlima, kwenye malisho mazuri. Walikuja watu wa mkoloni na daftari. Wakauliza nani ana ng'ombe wangapi, nani analima wapi, na babu yangu, mtu mwaminifu, Mlutheri wa kweli, akawajibu kila kitu. Baadaye wakarudi na askari, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa, na ardhi wakapewa walowezi. Baba alikuwa anakumbuka harufu ya mahindi yaliyoungua ghalani. Alikuwa anakumbuka pia kwamba yule mwenye daftari alikuwa mpole na alimpa peremende. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na baba alishtuka maisha yake yote.

Basi akajibu nusu. Ng'ombe wanne wakawa wawili. Mibuni ya kahawa, enzi ambazo chama cha ushirika kiligawa mrututu, dawa ya kupulizia, nayo aliitaja nusu, na kila mwaka mrututu uliishia katikati ya kihamba, nusu ya kahawa ikaugua. Hata sisi watoto, sensa moja ilitukuta watano tukaandikwa watatu. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wawili ambao hawakuwepo. Nilipomuuliza ukubwani kwa nini aliwaacha wasichana, alicheka akasema wavulana walikuwa wanacheza barabarani, wasingefichika.

Tukiwa watu wazima tulimtania sana. Lakini siyo kwamba kanuni yake haikuwahi kupata sababu mpya. Mrututu wa ushirika ulikuja ukaisha, siku moja tu tukaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee. Zikaja vocha. Alitia dole gumba kwenye karatasi akaambiwa mbolea inakuja Ijumaa, na hakuambiwa Ijumaa ya mwaka gani. Alichojifunza ni kwamba daftari halileti kitu, linachukua.

Mwaka ule lakini kulikuwa na jambo jipya nyumbani. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa amerudi. Alikuwa ameendesha bodaboda Levolosi miaka saba mpaka lori likamvunja mguu. Akarudi mlimani na mke, mtoto, na mguu mmoja unaochelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye mrithi wa nyumba ya baba. Kaka zetu wawili walishahamia mikoa ya mbali, dada yetu ameolewa, mimi ni mtu wa mjini. Bila yeye, kihamba kile kingebaki na mzee na kaburi. Baba alijua hivyo. Aliamka mapema kuliko ndege kumchemshia mwanawe chai, mwanamume aliyekuwa hajui hata majani ya chai yanawekwa wapi tangu amuoe mama.

Siku ile ya Jumamosi tulikaa watatu uani, na mdogo wangu akasema wazi.

"Baba, mimi sina maneno mengi. Nipe msimu mmoja. Nikivuna kitu cha kueleweka pale chini, nabaki, najenga. Nisipovuna, rafiki zangu wako Mererani machimboni, wananiita."

"Utavuna," baba akasema.

"Ardhi imechoka, baba. Bila mbolea pale hutoki na kitu."

"Mbolea ya serikali ipo. Wanaandikisha wiki ijayo. Nitaandikisha mimi, shamba ni langu."

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusikia maneno ya dunia nzima na nilitaka yatoke, nikaanza kuwahadithia. Mdogo wangu alicheka sana aliposikia kuna wanaolipwa ili maua yaote shambani. Baba hakucheka. Aliinamisha kichwa akifikiri.

"Na hao wanaolipwa kwa ukubwa wa shamba, nani anajua kama wamesema kweli?"

"Wanapigwa picha kutoka juu angani, baba. Kila shamba linaonekana, hadi mtaro."

"Wenyewe wakiwa wamelala?"

"Hata wakiwa wamelala."

"Basi hao wamekwisha," baba akasema, na akaenda kufungia mbuzi.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa nimemwambia mzee aliyechomewa nyumba kwamba lile daftari sasa lina macho angani, nikaona ni kichekesho.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza ofisi ya kijiji. Mdogo wangu alikuwa kliniki ya mguu. Mtendaji wa kijiji alikuwa binti mwenye umri wa mwanangu, mvumilivu, amekaa kibarazani na simu kubwa ya kazi, foleni mbele yake imefika mpaka kanisani. Jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro alikuwa ametutangulia, na tulimsikia kwa masikio yetu, yeye mwenye eka mbili, akiandikisha nne bila kupepesa jicho.

Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kazi?"

"Nzuri, babu. Tuanze na jina." Akaandika jina, namba ya simu, akampiga picha. Baba alitoa macho kwenye ile picha utadhani anachanjwa. "Haya, shamba la mahindi lina ukubwa gani?"

Baba alitazama mlima, akatazama viatu vyake.

"Nusu eka."

Yule binti akainua uso. "Nusu tu, babu? Lile la chini si kubwa?"

"Ni kubwa kwa macho. Mawe mengi."

Hakuna jiwe hata moja pale chini. Mtendaji akanigeukia mimi, mtu mzima, msomi, mwenye miwani.

"Mama, ni nusu eka?"

Ilikuwa sekunde chache tu. Kazini nimezoea kujibu kabla mtu hajamaliza sentensi, kwa hiyo nisijitetee kwamba sikuwa na muda.

"Kama mzee alivyosema," nikajibu.

Akaandika. Tukaondoka.

Kwa nini nilisema vile? Zipo sababu mbili. Ya kwanza ndiyo niliyowaambia watu: heshima, huwezi kumkanusha baba yako mbele ya foleni ya kijiji kizima. Ni sababu nzuri, kila mtu aliikubali.

Ya pili sikumwambia mtu. Baada ya mama kufa, baba alinipeleka shamba la chini asubuhi moja, sisi wawili tu, akiwa na panga na miche miwili ya isale. Isale ni mmea mwembamba wa majani marefu, na kwetu una kazi mbili. Likipandwa pembeni mwa shamba ni mpaka, na hakuna anayeling'oa. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea ni ombi la msamaha, na hakuna anayelikataa. Baba alipanda yale masale mawili kwenye kona ya mashariki, akasema: "Kutoka hapa mpaka mtaroni ni kwako. Uliniuguzia mke wangu." Kwetu msichana hapewi ardhi. Alijua atasemwa, ndiyo maana hakumwambia mtu, wala mimi sikusema. Lakini miaka yote ile ya kupanga nyumba za watu, kile kipande kilikuwa usingizi wangu.

Na pale kibarazani nikaogopa. Nikaona eka tatu zikiandikwa kwa jina la baba, kesho keshokutwa zikipita kwa mrithi wake, zote tatu, na masale yangu mawili hayamo kwenye simu ya mtu. Lakini nusu eka ni nusu eka. Kilichobaki kinabaki gizani, na gizani ndimo nilimokuwa nimefichwa tangu ile sensa. Nilijua kabisa kwamba daftari la mbolea si hati ya ardhi. Nilikuwa nimetoka kutangaza ukumbini kwamba kazi yake ni kugawa msaada. Nikaogopa vilevile, nikamuuza mdogo wangu kwa sababu ya kona ya shamba.

Mwezi Machi mvua zikakaribia, mdogo wangu akashuka dukani kwa wakala wa pembejeo na namba ya baba. Alirudi na mfuko mmoja mdogo wa mbolea ya kupandia, ameubeba begani mwenyewe. Aliutua katikati ya ua.

"Wakala anasema mzee ana nusu eka."

Baba alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha.

"Baba, nasema wameandika nusu eka."

"Mimi ndiye niliyewaambia. Siku zote najibu nusu."

"Nusu ya tatu ni moja na nusu!" mdogo wangu akapiga kelele, na hata katika hasira ile nilitaka kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli: safari hii, kwa hofu ya zile picha za angani, mzee alikuwa amepita hata kanuni yake mwenyewe. Kisha mdogo wangu akanigeukia. "Dada, si ulikuwepo?"

"Baba ndiye aliyesema," nikajibu.

Akaniangalia. Ningependa angenitukana.

Tulifanya tulichoweza, au wao walifanya na mimi nikajifanya. Tulikwenda kwa mtendaji, akatuonyesha simu yake kwa huruma ya kweli: muda wa kurekebisha ulishapita, mfumo umefungwa. Nikazunguka maduka ya Arusha kutafuta mbolea ya kununua bila ruzuku, kwa bei yoyote. Haikuwepo. Wakala mmoja alinieleza kama anaelekeza mtoto: "Mama, kwa nini niagize mfuko wa bei kamili wakati jirani yako anaupata kwa nusu? Nitamuuzia nani?" Jambo hilohilo lilikuwa limesemwa mkutanoni siku ya pili, kwamba ruzuku hufukuza biashara ya kawaida, na nililitafsiri kwa ufasaha, mtu mmoja akapiga makofi. Jirani wa ng'ambo ya mtaro alikuwa na mifuko ya kuzidi. Nilipotuma mtu kwake, alikuwa ameshaiuza kwa watu wa mbali.

Wakulima wengi wa kwetu hupima mbolea kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kwa kila shimo. Mdogo wangu na mkewe walipima kizibo kimoja kwa mashimo sita. Nilishuka kuwasaidia siku mbili. Alikuwa anatembea mbele akichimba, akiburuza ule mguu, mkewe nyuma yake akichota kwa ncha za vidole na kudondosha chembe, na baba nyuma kabisa akifukia kwa nyayo. Baba hakuambiwa aje. Alikuja. Jua lilipokuwa kali nilisogea kona ya mashariki nikasimama karibu na masale yangu mawili, yalikuwa yameshafika kiunoni, nikajifanya napumzika.

Mvua mwaka ule ilikuwa nzuri. Nalisema hili kwa sababu watu wakisimulia njaa hupenda kuilaumu mbingu. Mvua ilinyesha kwa wakati, ikapumzika kwa wakati. Ng'ambo ya mtaro mahindi ya jirani yalikuwa ya kijani kilichokolea, yamempita mtu. Yetu yalitoka vizuri, yakafika magotini, yakageuka manjano kuanzia majani ya chini, yakabaki hapohapo kana kwamba yameambiwa yasubiri. Tulipovuna, magunzi yalikuwa na mapengo, punje hapa punje pale. Mavuno ya eka tatu tuliyarudisha nyumbani kwa mkokoteni mmoja na ukabaki na nafasi ya mtoto kukaa.

Mdogo wangu hakufoka. Alitengeneza paa la banda la mbuzi, akapogoa kahawa yote, akachonga mpini mpya wa jembe la baba. Tuliona, tukaelewa kwamba anaaga.

Jumapili moja alfajiri, nilipokuwa nimelala pale nyumbani, nilimsikia baba akitoka na panga. Nikadhani anakwenda kwenye majani ya mbuzi. Alirudi saa nne, watu wanatoka ibadani, suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini, anahema. Mdogo wangu alikuwa uani na begi lake. Baba akamwendea, akasimama mbele yake, akamnyooshea kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo.

Sijawahi kuona baba akimpelekea mwanawe isale, wala sijawahi kusikia. Mtoto ndiye hupeleka. Wifi yangu alifunika uso kwa kanga. Mdogo wangu akasema, "Baba, usifanye hivyo," lakini mikono yake ilishanyooka, kwa sababu jani lile halikataliwi.

"Kosa ni langu," baba akasema. "Ni langu peke yangu. Usimhesabie mtu mwingine."

Wakati anasema hivyo hakunitazama. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, hatua tano kutoka kwao. Nilikuwa na sauti ile ninayolipwa nayo. Ningeweza kusema sentensi moja tu. Sikusema.

"Nimekusamehe, baba," mdogo wangu akajibu. Akalitia jani mfukoni mwa shati. Kisha akamwamkia, "Shikamoo," kama mtoto mdogo, akachukua begi lake, na mkewe akamfuata na mtoto mgongoni. Msamaha alikuwa ameutoa wote. Mahindi hayakuwepo.

Mchana nikashuka shamba la chini peke yangu. Sikujua natafuta nini, ila lile vumbi jekundu kwenye suruali ya baba lilinisumbua, maana juu kwetu udongo ni mweusi, na masale yamejaa kuizunguka nyumba. Hakuwa na haja ya kutembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kwa umri wake, kutafuta jani moja. Nikafika kona ya mashariki. Isale moja kati ya yale mawili lilikuwa limekatwa jani, utomvu bado mbichi.

Basi alijua. Alijua tangu siku ile kibarazani kwa nini sikumkanusha, akalikata jani la msamaha kwenye mpaka wangu, akalipeleka kwa jina lake. Nilikaa chini kwenye mabua nikalia hadi kichwa kikaniuma. Tangu hapo napanda kumwona kila mara na hajanigusia jambo hilo hata kwa fumbo. Mficha uchi hazai, wanasema watu, na sisi wawili tumefichiana mpaka hatuna cha kuzaa tena.

Uandikishaji uliofuata nilikwenda mwenyewe. Mtendaji ni yuleyule. Nikasema eka tatu, na nikampa ramani niliyoipima kwa miguu, na kona yangu nimeionyesha. Akafurahi, akasema heri wote wangekuwa kama sisi. Mbolea ikatoka kwa wakati, mifuko sita, pikipiki ikaipandisha hadi nyumbani na kuipanga barazani mbele ya chumba ambacho mdogo wangu alikuwa analala. Nilikuwa nimetuma fedha za vibarua. Vibarua wawili walikuja siku moja, wakapata kazi kwenye mashamba ya maua, hawakurudi. Kaka zangu niliowaomba waje kusaidia walisema wataona. Mvua zikaanza. Mbolea huvuta unyevu, na mlimani kwetu unyevu upo mpaka kwenye godoro. Baada ya wiki chache mifuko ile ilikuwa migumu, ukiipiga kwa ngumi unaumia wewe. Baba huikalia anapovua viatu.

Wiki iliyopita nilikuwa naye pale barazani, simu yangu ikalia. Ni mdogo wangu, kutoka Mererani. Ninalo jani la isale kwenye gari langu, limekauka, fundo nimelifunga mwenyewe, na Mererani si mbali, ni asubuhi moja tu kwenda na kurudi. Sijaenda. Nilipokea nikaweka sauti ya nje ili baba asikie. Kulikuwa na kelele za mashine nyuma yake na alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu kikavu ambacho hakuwa nacho alipoondoka.

"Dada, mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha."

"Na mbolea mlipata?"

"Tulipata. Yote."

Akakohoa tena. "Afadhali. Mmepanda eka ngapi?"

Nilifungua mdomo. Baba akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na kinywa kwa mikono yake miwili iliyopasuka kwa jembe, kwa sababu tangu mvua zianze alikuwa anashuka chini kila siku peke yake, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

"Nusu eka," akamwambia, na safari hii alikuwa anasema kweli.